Kuchagua rangi ya chumba cha futi 10 kwa 10

Rangi iliyopendeza dukani mara nyingi hufika nyumbani ikawa nyingine. Krimu inageuka pinki, kijivu kinageuka bluu, na nyeupe iliyotegemewa kukifungua chumba inakaa kama shuka lililofuliwa kwa maji ya udongo. Kosa si la kiwanda. Ukuta hauonekani kwa rangi yake peke yake. Unaonekana kwa mwanga unaouangukia, na mwanga huo umekwisha kugonga sakafu, dari, pazia na kuta nyingine tatu kabla ya kufika machoni. Katika ukumbi mkubwa mambo haya hupotea njiani. Katika chumba ambacho kutoka ukuta hadi ukuta ni mita 3 tu, kila kitu kinakipaka rangi kitu kingine.

Kwa hiyo kadi ya rangi isubiri. Kwanza kisome chumba.

Jua linaingia upande gani

Maelekezo mengi yanayosambaa mtandaoni husema chumba kinachotazama kaskazini kina mwanga wa baridi, basi kipakwe rangi za joto. Hilo ni kweli London au Toronto, ambako jua la mchana hukaa upande wa kusini mwaka mzima. Kwetu halifai. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, hivyo tangu mwanzoni mwa Machi mpaka wiki ya pili ya Oktoba hivi jua la saa 6 mchana huwa upande wa kaskazini, na miezi iliyobaki huwa kusini. Nairobi, iliyo karibu zaidi na ikweta, mwaka hugawanyika karibu nusu kwa nusu. Tena saa hizo jua liko juu mno: linaunguza bati na kuiacha sebule. Kinachoamua rangi ya chumba huku kwetu ni mashariki na magharibi.

Dirisha la mashariki hupokea mwanga mkali wa asubuhi, kisha kuanzia saa 7 mchana chumba hupoa na kuwa cha kivuli. Kama watu hukaa humo zaidi jioni, chagua rangi yenye joto kidogo: krimu, rangi ya mchanga, pichi hafifu. Dirisha la magharibi ni kinyume chake. Saa 10 jioni mwanga wa dhahabu huingia ukiwa umelala, unafika mpaka ukuta wa mwisho, na ukuta wa krimu au pichi hugeuka chungwa. Hapo kijani hafifu chenye ujivu, samawati iliyotulia au nyeupe isiyo na unjano hukaa vizuri zaidi. Rangi ya ukuta wa ndani haipunguzi joto la chumba, lakini macho yaliyochoka na jua la jioni hupumzika kwenye rangi hizo.

Kisha toka nje usimame dirishani. Mwanga wa vyumba vingi vya mjini hautoki juani moja kwa moja. Unatoka kwenye ukuta wa jirani ulio hatua nne mbele. Ukuta huo ukiwa wa njano, chumba chako kina unjano tayari kabla hujanunua kopo. Mwembe mkubwa karibu na dirisha huleta ukijani, na nyeupe tupu chini ya mwanga huo huonekana kama ya hospitali. Uwanja wa udongo mwekundu, kama wa sehemu nyingi za Singida au Kahama, hurusha wekundu kwenye dari na sehemu ya juu ya kuta. Kibaraza chenye paa refu hukata mwanga sana, na chumba cha nyuma yake kihesabiwe kuwa cha giza hata kama dirisha ni kubwa.

Kuna jaribio dogo la kukuonyesha haya yote. Chukua karatasi tatu nyeupe za kuandikia kutoka bunda moja. Bandika moja kwenye ukuta unaotazamana na dirisha, ya pili kwenye ukuta wenye dirisha lenyewe, ya tatu kwenye pembe ya mbali zaidi. Zima taa, simama katikati. Karatasi ni zile zile, lakini hazitafanana: ya kwanza itang'aa, ya pili itakuwa ya kijivu, ya tatu huenda ikawa na rangi ya kitu kilicho karibu nayo. Tofauti hizo ndizo zitakazoipata rangi utakayopaka.

Taa huja kabla ya rangi

Soma boksi la balbu. Namba inayofuatwa na herufi K hueleza rangi ya mwanga: 2700 au 3000 ni mwanga wa njano kama wa balbu za zamani, 4000 ni wa katikati, 6500 ni ule mweupe unaoelekea bluu. Balbu za 6500 zimejaa madukani, na ndizo zinazoharibu krimu nyingi. Chini yake krimu hufifia, kahawia hafifu hupata ujivu, na ngozi za watu hupauka. Ukibadilisha balbu ukaweka ya 3000 au 4000, huenda ukagundua kwamba rangi ya zamani haikuwa na kosa. Balbu ni nafuu kuliko galoni ya rangi, basi anza hapo.

Balbu ya LED ya wati 9 hutoa karibu lumeni 800. Kwa chumba cha mita 3 kwa 3 chenye kuta za rangi hafifu, moja inatosha kwa kukaa na kuzungumza. Kuta zikikolea, panga mbili, ya pili ikiwa ukutani au mezani, kwa sababu ukuta uliokolea hunywa mwanga wa balbu moja ya katikati na kuacha pembe zote gizani.

Vitu visivyobadilika

Andika orodha ya vitu vikubwa utakavyobaki navyo baada ya kupaka: sakafu, mlango, kabati, kochi, pazia, chandarua. Ndiyo, chandarua. Katika chumba cha kulala cha futi 10 kwa 10, chandarua kilichoshushwa ni kitu kikubwa kuliko kabati, na kikiwa cha bluu basi chumba kina bluu nyingi tayari. Ukuta wa krimu iliyokolea karibu yake utaonekana mchafu. Ukuta mweupe wenye ujivu kidogo utakaa kimya.

Sakafu ndiyo yenye nguvu kuliko vyote, kwa sababu mwanga wa dirishani huanguka kwanza juu yake kisha hupanda ukutani. Sakafu ya saruji iliyosuguliwa kwa rangi nyekundu hupandisha wekundu mpaka kiunoni, na krimu yenye upinki juu ya sakafu hiyo hugeuka kama embe lililoiva. Chagua krimu au nyeupe yenye ukijani mdogo sana, ile ambayo kwenye kadi inaonekana haina mvuto. Juu ya sakafu nyekundu itatulia ikawa nyeupe safi. Vigae vya kijivu vinavyong'aa havileti shida hiyo, ila hupoza chumba, kwa hiyo kuta zikiwa kijivu pia chumba hukosa uhai. Terazo yenye chembe nyingi ni rahisi kuliko zote: okota rangi ya chembe iliyo hafifu kabisa, ifanye ya ukuta.

Chumba kimoja kinachogawanywa kwa pazia, kitanda huku na makochi kule, kina ukuta wa tano. Pazia la maua makubwa mekundu katikati ya kuta za samawati hukigawa chumba vipande viwili vidogo. Pazia lenye rangi ile ile ya ukuta, au lililokolea kidogo tu kuliko ukuta, huruhusu macho kupita, na chumba kikabaki kimoja. Kama fedha inatosha kwa kitu kimoja tu, pazia au rangi, kwa chumba cha namna hii nunua pazia.

Nyeupe si jibu la kila chumba

Nyuma ya baadhi ya kadi za rangi, au kwenye tovuti ya kiwanda, kuna namba ya uakisi wa mwanga iliyoandikwa LRV. Huanzia 0, nyeusi isiyorudisha mwanga wowote, hadi 100, nyeupe inayorudisha wote. Rangi nyeupe za kawaida za ukutani huangukia kati ya 80 na 90. Kwa chumba kidogo chenye dirisha moja, rangi kati ya 65 na 80 hukupa mwanga wa kutosha na bado ukuta ukaonekana kuwa na rangi. Chini ya 50 unahitaji sababu, na taa ya pili.

Lakini namba haisemi yote. Nyeupe hurudisha mwanga unaoufikia. Usipoufikia, haina cha kurudisha. Chumba cha ndani kabisa, ambacho dirisha lake linafungukia kwenye ujia mwembamba, ukikipaka nyeupe tupu hupata ujivu wa majivu mchana kutwa. Hapo ni bora kuacha kushindana na giza. Tumia rangi yenye mwili: njano ya siagi, udongo uliofifia, kijani cha jani la mgomba linaloanza kukauka. Rangi hizi hazitegemei jua kuonekana kuwa rangi, na chini ya balbu ya 3000 hukaa vizuri usiku na mchana. Ni shauri ambalo wengi hulikataa wakiwa dukani, na ndilo linalookoa vyumba vya giza.

Jambo jingine linalowashangaza watu ni kwamba rangi hukolea ikiwa kwenye kuta nne. Mwanga hugonga ukuta wa kijani, huondoka na ukijani, hugonga ukuta wa pili wa kijani, huongeza. Kadiri kuta zinavyokaribiana ndivyo hali hii inavyozidi. Kwa hiyo rangi uliyoipenda kwenye kadi, sogea hatua moja kuelekea hafifu, na kama kuna mbili zenye uhafifu sawa chukua yenye ujivu zaidi. Kwa njano sogea hatua mbili. Njano ndiyo inayodanganya kuliko zote. Kipande cha kadi chenye rangi ya maziwa ya mtindi yenye unjano kidogo huwa ukuta wa njano kamili.

Kila rangi hafifu ina rangi nyingine iliyolala chini yake. Huwezi kuiona ukiitazama peke yake. Weka kadi juu ya karatasi nyeupe tupu, kisha weka kadi mbili tatu za jina moja pamoja: krimu na krimu, kijivu na kijivu. Papo hapo utaona hii ina upinki, ile ina ukijani, nyingine ina uzambarau. Kwenye kadi zenye mstari wa rangi kutoka hafifu hadi iliyokolea, angalia ile ya mwisho chini. Iliyokolea haifichi kitu, na kilichomo ndani yake kimo pia katika ile ya juu. Kijivu ambacho mwisho wa mstari wake ni bluu ya jinzi kitakuwa bluu ukutani kwako.

Ukuta upi upate rangi gani

Ukuta unaotazamana na dirisha ndio unaopokea mwanga mwingi na kuurudisha ndani, uache hafifu. Ukuta wenye dirisha huwa gizani siku zote, kwa kuwa mwanga unaingia ukiupa mgongo. Ukiukoleza, dirisha huwaka kama taa ya gari na macho huumia. Basi ukitaka ukuta mmoja uliokolea, chagua wa ubavuni au wa kichwani mwa kitanda. Mipaka ya rangi mbili ikutane kwenye pembe yenyewe. Rangi iliyovuka pembe kwa vidole viwili huonekana kosa hata kama ilikusudiwa.

Chumba kirefu na chembamba hufupishwa kwa kukoleza ukuta mfupi wa mwisho, maana rangi iliyokolea au yenye joto husogea mbele machoni. Kuta ndefu ziachwe hafifu. Kufanya kinyume, kukoleza kuta ndefu, hukifanya chumba kuwa ujia.

Dari ya chini, ya mita 2.4, haihitaji kuwa nyeupe tupu. Dari nyeupe juu ya ukuta uliokolea huchora mstari mkali, na jicho hupima urefu wa ukuta hapo hapo. Paka dari rangi ile ile ya ukuta iliyopunguzwa: nusu rangi ya ukuta, nusu nyeupe ya aina na kampuni ile ile. Mkanda wa jipsamu unaozunguka dari uufuatishe dari. Mstari ukififia, dari hupanda.

Mtindo wa kupaka rangi ya mafuta iliyokolea nusu ya chini ya ukuta na rangi ya maji juu, kama kwenye madarasa na zahanati, una faida yake: mikono ya watoto na migongo ya viti haiachi alama. Lakini katika chumba kidogo mstari wa mita 1.2 hukata ukuta katikati na kuufanya mfupi. Ushushe mpaka sentimita 90, na rangi mbili ziwe za ukoo mmoja, ya chini ikiwa imekolea hatua moja au mbili tu.

Nondo za dirisha zipakwe nyeusi au kahawia iliyokolea. Nondo nyeupe hushika mwanga wa nje, macho yakaishia hapo. Nyeusi hupotea na ukaona mti ulio nyuma yake. Kingo za ndani za dirisha, ule upana wa ukuta pande zote za fremu, zipake nyeupe ya mafuta inayong'aa. Ni rangi kidogo sana, na huongeza mwanga unaoingia ndani kuliko watu wanavyotarajia.

Wajenzi wa nyumba za mawe za Lamu, Mombasa na Mji Mkongwe wa Zanzibar walilijua tatizo la chumba chembamba. Dari zao zilibebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba: mita 2.5 hadi 3 hivi. Kuta zilikuwa za chokaa nyeupe, na pambo lilikuwa zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, zilizochongwa kwenye plasta, ambazo kivuli chake ndicho kilichoupa ukuta kina. Anayeishi katika nyumba kama hiyo asiufunge ukuta kwa rangi ya mafuta wala rangi ya maji ya plastiki. Unyevu wa jiwe la matumbawe hutoka kwa kupitia chokaa. Ukizibwa, rangi huvimba na kubanduka pamoja na plasta. Chokaa ya kupaka inaweza kutiwa unga wa rangi za udongo kwa kiasi kidogo, njano au nyekundu hafifu. Kumbuka kwamba chokaa mbichi huonekana imekolea na ikikauka hufifia sana. Rangi ya maji ya kopo ni kinyume: mbichi huonekana imepauka na ikikauka hukolea kidogo. Usihukumu yoyote kati ya hizo kabla ya kesho yake.

Jaribio la manila

Kiraka cha rangi kilichopakwa ukutani juu ya rangi ya zamani hudanganya, kwa sababu jicho hukilinganisha na rangi inayokizunguka. Kwenye ukuta wa pinki, kijivu chochote kitaonekana kijani. Fanya hivi badala yake.

Nunua kopo la lita 1 la kila rangi unayoifikiria, mbili na zisizidi tatu, na karatasi za manila za dukani kwa vifaa vya shule, kubwa kabisa. Paka kila karatasi mikono miwili, yaani mara mbili, ukiacha saa tatu au nne kati ya mkono wa kwanza na wa pili, na acha ukingo wa sentimita 3 usiopakwa ili ukuta wa zamani usiguse rangi mpya. Tumia rola, usitumie brashi; michirizi ya brashi hubadilisha jinsi rangi inavyopokea mwanga. Ikikauka, ikunje katikati kama kitabu na uisimamishe kwenye pembe ya chumba. Zile kurasa mbili zinazotazamana zitarushiana mwanga kama kuta zitakavyofanya, na utaona rangi inavyokolea penye mkunjo. Hapo ndipo njano nyingi huanguka mtihani.

Iache hapo siku mbili. Itazame saa 2 asubuhi, saa 7 mchana, saa 11 jioni, na usiku taa ikiwaka. Ihamishe kutoka ukuta wa dirisha kwenda ukuta unaolitazama. Weka miguuni pake kitu cha sakafuni, pembeni yake pazia. Zingatia zaidi saa ambayo chumba hutumika kweli: cha kulala kihukumiwe usiku na alfajiri, hata kama mchana rangi si nzuri sana.

Kung'aa kunabadilisha rangi

Rangi moja katika kopo la mati (isiyong'aa) na kopo la silki (inayong'aa kidogo) hazitafanana ukutani. Mati hutawanya mwanga, huonekana laini na hafifu zaidi, na huficha mawimbi ya plasta. Silki hurudisha mwanga kama kioo chenye ukungu: huoshwa kwa kitambaa, lakini mwanga wa dirisha ukiupita ukuta kwa ubavu, kila alama ya mwiko na kila kiraka cha puti kitaonekana. Katika chumba kidogo karibu kila ukuta hupitwa na mwanga kwa ubavu. Kwa hiyo silki ni ya ukuta ulioskimiwa vizuri, yaani uliosawazishwa kwa puti, na kupigwa msasa. Kama plasta ni ya kawaida na hakuna watoto, mati ni bora. Penye watoto, au panapopikiwa humo humo, chukua silki na ugharimie maandalizi. Dari ni mati siku zote.

Kiasi cha kununua

Chumba cha mita 3 kwa 3 chenye kuta za mita 2.7: mzunguko ni mita 12, mara 2.7 ni mita za mraba 32.4. Toa mlango wa 0.9 kwa 2.1, ambao ni 1.9 hivi, na dirisha la 1.2 kwa 1.2, ambalo ni 1.4. Zinabaki 29. Lita moja ya rangi ya maji nzuri hufunika mita za mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja kwenye ukuta laini, na 6 hadi 8 kwenye plasta ya kukwaruza. Kwa ukuta laini, mikono miwili ni mita 58, yaani lita 6 hivi: galoni ya lita 4 na makopo mawili ya lita 1. Dari ni mita 9. Mikono miwili hula lita 2. Ukuta mpya au ulioskimiwa uongezewe praima, yaani rangi ya kutangulia, mkono mmoja, lita 3 hadi 4. Puti isiyopigwa praima hunywa rangi bila mpangilio, na ukuta hukauka una madoa, pengine hafifu pengine yamekolea, ambayo mkono wa tatu hauyaondoi.

Hesabu hiyo ni ya rangi hafifu. Mashine ya dukani huchanganya rangi hafifu kwenye besi (rangi ya msingi) nyeupe, yenye titani nyingi, ule unga mweupe wa rangi, na titani ndiyo inayofunika ukuta. Rangi zilizokolea huchanganywa kwenye besi yenye titani kidogo au isiyo nayo kabisa. Nyekundu, njano kali na chungwa kwa hiyo huhitaji mikono mitatu au minne. Nyekundu hufunika haraka ikitanguliwa na mkono wa kijivu. Njano itanguliwe na nyeupe. Muulize muuzaji besi kabla ya kulipa, maana bei ya kopo moja haikuonyeshi gharama ya ukuta.

Makopo yote yanunuliwe siku moja na yawe na namba moja ya toleo. Yakitofautiana, yamimine yote kwenye ndoo moja ya lita 20, koroga, kisha anza.

Maji ya kuongeza ni asilimia 5 hadi 10, au kama kopo linavyosema. Lita 4 zikitiwa lita 2 za maji, ukuta hukauka umepauka, una mabaka, na huacha unga kwenye nguo ya anayeuegemea. Rangi ikilaumiwa kwamba "si ile ya kwenye kadi", mara nyingi sababu ni hii. Kaa karibu na ndoo wakati inapochanganywa.

Fundi akichanganya kwa stena, yaani zile chupa ndogo za rangi kali, achanganye rangi ya chumba kizima kwa mara moja. Ajaribu kwanza kwenye nusu lita, kwa matone, na hesabu iandikwe. Stena isizidi kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Ikizidi, rangi haishiki na hutoka kwenye kitambaa chenye maji. Rangi ikiwa kali mno, usiipunguze kwa nyeusi. Njano ikitiwa nyeusi huwa kijani cha matope. Kahawia kidogo, au tone la rangi iliyo kinyume chake, huituliza bila kuiua: kijani kwa pinki, chungwa kwa bluu, zambarau kwa njano.

Ukuta usiopokea rangi

Plasta mpya ya saruji isubiri siku 28. Ina ukali wa saruji unaoigeuza rangi ya mafuta kuwa kama sabuni, ikateleza na kubanduka. Rangi ya maji nayo hupata mabaka. Unga mweupe wa chumvi chini ya ukuta ni dalili kwamba maji yanapanda kutoka ardhini. Usifunike kwa rangi iliyokolea ukidhani itaficha, kwani chumvi nyeupe huonekana zaidi juu yake. Tafuta maji yanakotoka, acha ukuta ukauke, piga brashi kavu, ndipo upake. Masizi ya mkaa na madoa ya bati linalovuja hupenya rangi ya maji hata mikono mitano. Yazibwe kwanza kwa andakoti ya mafuta, yaani rangi ya chini.

Rangi za mafuta za zamani, hasa njano, chungwa, nyekundu na kijani kali, huenda zina risasi. Usizipige msasa zikiwa kavu. Lowesha, kwangua, kusanya mabaki, na watoto wakae mbali mpaka sakafu ipigwe deki.

Mpangaji azungumze na mwenye nyumba kabla ya kukoleza ukuta wowote. Kurudisha ukuta mwekundu uwe krimu ni andakoti moja na mikono miwili au mitatu, na gharama hiyo huwa ya anayehama.

Kazi ikiisha, jaza chupa ya kioo yenye kifuniko rangi iliyobaki mpaka juu, ili hewa isipate nafasi, uiweke pasipo jua. Ubaoni nyuma ya mlango wa kabati andika kwa kalamu ya wino jina la kampuni, namba ya rangi, aina ya besi, mati au silki, na tarehe. Mkwaruzo wa kwanza utatokea ndani ya mwezi, penye swichi au nyuma ya mlango. Utengenezee kwa rola ndogo, kwa sababu kiraka cha brashi juu ya ukuta wa rola huonekana hata rangi ikiwa ya kopo lile lile.